Noti Zilizorudishiwa Heshima

3 Februari

Redio,

Salamu zako ninazo, lakini nitakutumia siku utakayojibu barua. Hii ni ya tatu. Ya kwanza nilikuuliza hali ya watoto, ya pili nikakuuliza hali yako, na hii siulizi hali ya mtu. Ningekupigia, lakini mama, Mungu amrehemu, alitukataza kugombana kwa simu. Alisema ugomvi wa simu haufutiki, ila wa karatasi mtu anaweza kuuchana kabla hajautuma. Hii nimeshaichana mara mbili.

Mwenye nyumba anauza vyumba vitatu vya mbele. Changu ni cha kati, chenye dirisha la barabarani, pale mama alipoweka cherehani yake miaka thelathini na mimi nikarithi kiti. Kanistahi kidogo: niwe wa kwanza kununua, mpaka tarehe 31 Machi. Baada ya hapo yupo muuza vipuri vya pikipiki mwenye pesa taslimu. Mimi nina nusu ya bei. Na nusu ya pili ninayo pia, hapo ndipo kichwa kinaponiuma.

Desemba mto wa kile kiti cha mama ulipasuka, nikaufumua nibadilishe sufi. Ndani nikakuta noti. Zile za zamani, kubwa, za bluu. Mafungu saba, kila fungu limeshonewa kitambaa kigumu cha kola. Mama hakuwahi kuamini benki hata moja, pamoja na hiyo Benki Kuu inayokulipa wewe. Nilihesabu, kisha nikakaa chini. Zingekuwa pesa, zingemaliza deni la chumba na kubakiza za kupaka rangi. Lakini siku ya mwisho ya kuzibadilisha ilipita Juni, mama akiwa wodini hajitambui na mimi nimelala sakafuni pembeni ya kitanda chake. Nani angetukumbusha noti?

Na si mimi peke yangu. Muuza mkaa wa hapa mlangoni alikuwa kwao akimzika mumewe. Tumehesabiana, tuko wanawake ishirini na tatu mtaani wenye noti zilizokufa. Sasa kila Alhamisi anapita mtu mwenye mizani ya kuning'iniza, ananunua noti hizo kwa kilo, anasema zinasagwa kutengenezea trei za mayai. Wote wananisubiri mimi. "Dada ana mtu Benki," wanasema, "tumsikie kwanza."

Sikuombi wizi. Nijibu kitu kimoja tu: upo mlango, au haupo? Nikijua haupo nitauza kwa kilo, niache kuota.

Dada yako

*

12 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua zako zote zimefika. Nisamehe kwa ukimya. Ofisini mambo ni mengi, na mengi yake siruhusiwi kuyazungumza hata na mto wangu wa kulalia. Kuhusu swali lako: mimi ni mwandishi wa matangazo. Sioni mipango, naona sentensi. Na hizo sentensi nimezilia kiapo, kwa mkono wa kulia, mbele ya mwanasheria. Kwa hiyo sina jibu, na tafadhali usinione mbaya.

Badala yake nina ombi. Tunatunga kamusi ndogo ya maneno ya fedha, na kuna neno moja la wachumi limetukwama kooni: rimonitaizesheni. Ni adimu, wengi wao wanasoma, wanafanya kazi na kustaafu bila kulitamka. Maana yake ni kwamba sarafu au noti iliyokwisha kuondolewa kwenye matumizi inarudishiwa uhalali wake, inakuwa pesa tena. Zamani lilitumika zaidi kwa fedha yenyewe, ile madini, nchi zilizoiacha zilipoamua kuirudia. Usilichanganye na kupandisha thamani ya pesa. Kupandisha ni kumwongezea nguvu aliye hai. Hili ni la aliyekwisha kuandikwa marehemu.

Kitengoni tumependekeza "urejeshaji wa uhalali wa sarafu". Mkuu wangu kasema linanuka mafaili. Anataka neno ambalo mtu wa sokoni akilisikia mara moja hataomba lirudiwe. Wewe unakaa na watu. Wangesemaje? Fikiri kwa utulivu, dada. Usiharakishe jambo lolote. Chukua hata mwezi mzima.

Watoto wazima. Mke wangu anakusalimu. Shemeji yangu, kaka yake, bado yuko nasi sebuleni, mwezi wa tano huu, anasema anatafuta fursa. Si msumbufu. Jumamosi nikikaa na karatasi zangu mezani hata televisheni anazima. Unanijua, bado nasoma kila sentensi kwa sauti mara tatu kama nilivyokuwa nikiwasomea nyumbani maandishi ya mifuko ya sukari, mpaka mkaniita Redio. Mkuu wetu anasema tangazo ni la sikio, ndiyo maana ananipenda.

Mdogo wako

*

20 Februari

Redio,

Nimekuuliza mlango, umeniletea msamiati.

Haya, neno lako hili hapa, nisije nikaambiwa nina choyo. Nililipeleka kwa wanawake Jumanne tukiwa tunasubiri maji. Nikawaambia ndugu yangu msomi anataka kujua, noti iliyokufa ikikubaliwa tena inaitwaje. Mmoja akasema "imefufuka". Muuza mkaa akamkatalia: kufufua ni kazi ya Mungu, na Mungu hawezi kuwa anashughulika na noti wakati mumewe yuko kaburini. Mwingine akasema "imekubalika upya", wakamcheka kwa kuwa mumewe alimwacha akamrudia na anapenda sana neno hilo. Mwisho muuza mkaa akasema, mtu aliyefukuzwa kikaoni kwa kuonewa, siku akiitwa tena na kupewa kiti, tunasema karudishiwa heshima yake. Noti nayo ilikuwa kitini ikafukuzwa. Basi, noti imerudishiwa heshima. Wote wakakubali. Andika hivyo kwenye kamusi yako, na kama kuna malipo yampelekee muuza mkaa.

Kisha wakaniuliza: sasa hilo swali la mlango kasemaje? Nikasoma barua yako upya mbele yao, sentensi kwa sentensi. Hukusema upo. Nikajiambia, mtu mwenye damu yangu, aliyemo humo ndani, kama angejua kitu asingenitumia kazi ya shule. Nikawaambia haupo. Nilisema kwa mdomo huu: "Redio hana jibu, maana yake ndilo jibu."

Alhamisi tuliuza. Wote ishirini na tatu, mstari mmoja, kama tunachanjisha watoto. Nilitaka kufumua vitambaa vya mama, yule mtu akasema viache, vinaongeza uzito. Kwa mafungu saba ya mama nimepata pesa ya kununua uzi bunda moja na sindano. Mshono wake umelipwa kama karatasi.

Kwa hiyo kamusi yako imepata neno, na mimi nina nusu ya chumba. Nitajaribu kukopa. Ukiwa na akiba niambie, ukiwa huna niambie pia, lakini sema kitu chenye kichwa na miguu.

Dada yako

*

1 Machi

Dada,

Barua yako ya tarehe 20 nimeipata leo saa nne. Umeuza? Nilikwambia usiharakishe jambo lolote. Niliandika kabisa, nimeangalia nakala yangu, nilisema chukua hata mwezi mzima. Mtu mzima akiambiwa hivyo na ndugu yake anayefanya kazi Benki, haulizi ni jambo gani?

Mtafute yule mtu wa mizani. Mrudishie pesa yake, mwongeze, mwambie vitambaa ni ukumbusho wa marehemu, mlilie ukiweza. Lakini ufanye wiki hii, si ijayo. Usiniulize sababu. Na barua hii ichome.

Mdogo wako

*

10 Machi

Wewe,

Sikuichoma. Imefika jana, siku moja baada ya tangazo, kwa hiyo sioni moto ungemsaidia nani.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wewe huandika matangazo lakini hujawahi kukaa upande wa kusikia. Jumatatu saa saba mchana. Nilikuwa natia kola kwenye mashati ya shule, redio ya muuza mkaa iko dirishani kwangu kwa sababu kwake hakuna umeme. Mtangazaji akasema kuanzia tarehe 15 Machi, kwa siku tisini, noti zote za zamani zitapokelewa katika kila benki kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Halafu akasema: noti hizo zimerudishiwa heshima yake.

Muuza mkaa alikuwa amesimama na karai kichwani. Alilitua chini taratibu. Wenzetu walikuja mmoja mmoja mpaka wakajaa mlangoni, wakaniangalia, na mimi mguu bado uko kwenye pedeli. Kisha muuza mkaa akasema, "Dada, hilo neno si letu?" Nikasema ndiyo, ni letu.

Walichokuwa wanafikiri nakijua, maana ningekuwa wao ningefikiri hivyo hivyo. Kwamba mimi na ndugu yangu tulikuwa na siri, kwamba nimewauza kwa kilo na wa mizani akanikatia changu. Jioni ile watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao vya sare ambavyo sijavishona. Jana wengine wawili. Muuza mkaa bado ananisalimia, ila ananisalimia kama mtu anayesalimia askari.

Umenivisha kilemba cha ukoka. Ulijua, ukaniomba neno. Uliniona ninazama ukaniuliza maji yanaitwaje. Halafu unathubutu kuniandikia eti mtu mzima haulizi? Niliuliza. Niliuliza wazi, upo mlango au haupo. Wewe ndiye uliyejitia hamnazo.

Na sijamaliza. Jana wanawake walimkuta yule mtu wa mizani stendi, wakamzunguka. Hakupigwa, lakini alisema. Yeye ni kibarua, analipwa kwa siku, magunia anayapeleka kwa tajiri wake mjini kwenu, na kazi hii kaanza katikati ya Januari. Wakamlazimisha atoe namba ya simu ya huyo tajiri, wakaniletea nipige. Sikupiga. Namba ile ninayo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wako. Ni ya shemeji yako, ulinipa mwaka jana nikitaka kuwatumia watoto sweta.

Sasa nijibu hili, na safari hii usiniletee kamusi. Ulimwambia shemeji yako, ukaninyima mimi?

Sitii sahihi. Unajua ni nani.

*

13 Machi

Dada,

Sikumwambia. Naapa kwa mama. Lakini alijua kutoka kwangu, na sijui ni lipi baya zaidi.

Jumamosi ya kwanza ya Januari nilileta nyumbani rasimu ya tangazo. Kwanza ni makosa, karatasi ile haikutakiwa kutoka ofisini. Nilikaa mezani, mke wangu kaenda sokoni, watoto nje, shemeji kwenye kochi amejifunika gazeti usoni. Nikasoma kwa sauti mara tatu, kama kawaida yangu. Ya kwanza kwa maana, ya pili kwa pumzi, ya tatu kwa masikio. Nilidhani kalala. Nilimwaga mtama, dada, kuku alikuwa mmoja tu, lakini alikuwa macho.

Barua yako ilipofika nilikwenda moja kwa moja stoo ya nyuma. Amekuwa akiniambia mule kaweka bidhaa za rafiki yake. Kuna magunia matano. Nilifungua la kwanza na mkono wangu ukaingia kwenye kitambaa cha kola. Niliujua mshono hata kabla sijautoa kwenye mwanga. Nilikaa mle ndani mpaka mke wangu akaja kuniuliza nimepoteza nini.

Nilimkabili. Hakukana. Alisema yeye hakuiba, alisikia, na masikio hayana kiapo. Alisema kama nataka kelele nipige, lakini mtu wa kwanza kuulizwa rasimu ilifikaje nyumbani ni mimi. Halafu akanipa mafungu ya mama, yote saba, kama zawadi. "Mpe dada yako, yaishe kifamilia."

Nakutumia kwa dereva wa basi la asubuhi, yule mrefu anayekufahamu, kwenye boksi la viatu. Hesabu, yametimia. Tarehe 15 nenda benki mapema, chukua pesa, ununue chumba. Una siku kumi na sita, zinatosha. Ila nakuomba yaishe hapo. Usiwaambie wenzako namba ile ni ya nani. Nina watoto watatu shuleni. Nikifukuzwa kwa kosa la siri, hakuna ofisi nyingine itakayonipa hata kazi ya kufagia. Kuhusu wale wengine nitatafuta namna, polepole, nikituliza kichwa.

Nilijaribu kukuonya, dada. Kwa nafasi niliyokuwa nayo, ule ulikuwa mlango wote niliokuwa nao.

Mdogo wako

*

17 Machi

Mdogo wangu,

Boksi nalirudisha na dereva huyo huyo. Hesabu, yametimia.

Usidhani ilikuwa rahisi, nisije nikasifiwa bure. Lilikaa juu ya meza ya kukatia siku mbili. Siku ya kwanza nilitoka nalo. Jumatatu, saa mbili asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya benki na boksi kwapani, nimevaa vizuri, nimechana nywele. Nilishafika wa tano. Nikageuka kuangalia foleni ina urefu gani, nikamwona muuza mkaa anapita barabarani na karai lake. Hakuniona. Nikatoka kwenye mstari. Nimelia njia nzima kwa hasira. Nakukasirikia wewe, na mama kwa kushona pesa ndani ya mto, na mimi mwenyewe kwa kuwa nilikuwa wa tano na nikaondoka.

Unasema yaishe kifamilia. Familia gani? Ile ya kwenye kochi lako? Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unakifulia nguo. Wale wanawake waliuza kwa neno langu. Si kwa sababu mimi ni mjanja, ila kwa sababu nina mdogo wangu Benki, na kwa miaka minane nimekuwa nikikutaja hapa kama mtu anayetaja dawa. Nikinunua chumba kwa mafungu haya wakati wao wameshika pesa ya uzi, basi walichokuwa wanafikiri kitakuwa kweli. Nitakaa kwenye kile kiti na kila mtu akipita dirishani ataona bei niliyowauzia.

Neno la kamusi huwa na maana yake na matumizi yake. Maana mnayo ninyi, ni nzuri, iacheni. Matumizi nakupa mimi: heshima ya noti hairudi kwa mwenye noti. Inarudi kwa aliyeishika siku hiyo. Weka na hilo kwenye kamusi, usome mara tatu, uone kama lina pumzi.

Hakuna "polepole" hapa. Ndani ya siku tisini shemeji yako atakuwa amebadilisha gunia la mwisho, na wewe kichwa chako ndiyo kwanza kitakuwa kinatulia. Nenda kwa huyo mkuu anayekupenda. Msomee. Sema rasimu ilitoka, sema nani aliisikia, sema magunia yako wapi na ni ya nani. Ukiogopa kwa ajili ya watoto nakuelewa, hata mimi ninawaogopea. Lakini sikuulizi kama unaogopa. Na usinijibu kabla hujaenda, kwa sababu barua yenye maelezo sitaisoma. Nitaikata iwe patani, kielelezo cha kukatia kola.

Dada yako

*

27 Machi

Dada,

Nimekwenda.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na ndiyo iliyonitisha, maana yeye hukatiza kila mtu. Akaniambia niandike kwa mkono wangu. Niliandika kurasa nne. Jioni hiyo walikuja watu wawili na gari, wakafunga magunia yote matano kwa lakiri. Shemeji alikuwa hajabadilisha hata noti moja, alikuwa anasubiri foleni zipungue. Kachukuliwa. Mke wangu kaondoka na watoto kwenda kwa mama yake, na kabla ya kutoka aliniambia nimemchagua dada yangu. Mafungu ya mama nayo wameyafunga, na boksi lake.

Mimi nimesimamishwa kazi. Mshahara umezuiwa, kwa hiyo hata ile akiba uliyoniuliza sina njia ya kuifikia. Uchunguzi ni siku sitini. Ukiisha, kila aliyeuza atarudishiwa kilicho chake, kwa thamani kamili, lakini inatakiwa orodha ya majina na uzito, na wamekutaja wewe uisimamie. Nilijaribu kuwaambia una tarehe 31. Waliandika, ila hakuna aliyeinua kichwa.

Kuna watakaokuja kukuhoji. Wanataka kujua kama nilikudokezea kabla ya tangazo. Nikionekana nilitoa siri kwa makusudi, ni jela. Nikionekana nilizembea tu, huenda nikabaki na kazi, cheo cha chini. Barua zetu sijawaonyesha. Sikuombi useme uongo. Sema ulivyoelewa.

Na ukiweza, dada, niambie kama bado umekasirika.

Mdogo wako

*

5 Aprili

Mdogo wangu,

Chumba kimekwenda. Tarehe 31 saa kumi muuza vipuri alilipa, saa kumi na moja akaleta rafu zake. Mwenye nyumba aliniomba radhi, akasema angesubiri siku sitini kama angekuwa na moyo wa jiwe, sijui alimaanisha nini na sikutaka kujua. Wanawake ndio walionihamisha. Wanne walibeba cherehani, wengine meza. Sasa nashonea kwenye kibaraza cha muuza mkaa. Mashati meupe, Redio, na vumbi la mkaa. Nafunika kila kitambaa kwa shuka kabla sijakata, na bado jana nimefua kola sita.

Orodha tumeiandika Alhamisi. Kila mmoja alikuwa anakumbuka uzito wake mpaka gramu. Walioondoa vitambaa vyao wamevirudisha, isipokuwa mmoja. Hakuna aliyeniomba msamaha na mimi sikutaka, tuna kazi.

Ijumaa walikuja wachunguzi, mwanamume na mwanamke. Walikaa juu ya magunia ya mkaa kwa suti zao. Yule mwanamke aliniuliza: mdogo wako alikwambia lolote kabla ya tangazo? Nikasema hapana. Akauliza tena, hata kwa fumbo? Hata kwa namna ya mzaha? Nikawa nafikiria ile barua yako ya tarehe 12, imo kwenye droo ya cherehani chini ya bobini za uzi, hatua mbili kutoka alipokaa. Umeniandikia mara mbili kwamba ulinionya. Nikaifikiria sentensi kwa sentensi, kwa sababu nilitaka sana iwe kweli. Nilitaka kuamini kwamba kulikuwa na mkono ulionyooshwa na mimi ndiye sikuushika. Ingekuwa kweli, ungefungwa, lakini ningekuwa na ndugu.

Nilimwambia, "Hapana. Hakuniambia kitu. Aliniuliza neno, nikampa neno."

Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi kila ukurasa. Alipokuwa anafunga faili alisema nimekusaidia sana, kwamba kwa maelezo haya utabaki kazini. Sikusema hivyo kukusaidia. Nilisema kwa sababu ndiyo kweli, na imeandikwa sasa, kwa mkono wangu, kwenye karatasi za Benki.

Umeniuliza kama bado nimekasirika. Nimekasirika.

Dada yako